Meno, Kubemenda na G1P[8]

Wodi ya watoto ina maelezo yake kuhusu kuhara. Mtoto anaota meno. Mtoto kapitiwa na upepo mbaya. Kuna kipindi ilikuwa "meno ya plastiki", watoto wakang'olewa vijino ambavyo havijatoka hata kwenye ufizi. Halafu kuna lile neno zito, kubemenda: kwamba wazazi walikutana mapema mno, na mtoto ndiye anayelipa. Miaka kadhaa nilipita kitanda hadi kitanda na vikopo vya kukusanyia choo, na maelezo haya yote nilipewa bure.

Nilichokuwa nasikia chini yake ni hukumu. Karibu kila neno linamtafuta mkosaji, na mkosaji ni mama, aliyekaa pale na kanga imelowa, akihesabu nepi. Kubemenda linaingia hadi chumbani kwake.

Ndiyo maana nililipenda jina lisilomlaumu mtu: rota. Kilatini, gurudumu. Mwaka 1973, Melbourne, Ruth Bishop na wenzake waliweka vipande vya utumbo wa watoto waliokuwa wakihara chini ya darubini ya elektroni, wakakiona kirusi. Thomas Flewett wa Uingereza ndiye aliyeona kinafanana na gurudumu.

Lakini rota ni jina la ukoo tu. Kumjua mwenyewe lazima uingie ndani. Kirusi hiki kina vipande 11 vya RNA. Ukiviburuza kwa umeme kwenye jeli vinajipanga kama ngazi, na ngazi ya mtoto huyu si lazima ifanane na ya yule wa kitanda cha pili. Kisha PCR inakupa herufi mbili, G na P, kwa protini mbili za ganda la nje. G1P[8] ndiyo aina iliyozoeleka zaidi duniani. G8 ina undugu na virusi vya ng'ombe, na miaka ya 1990 ilionekana sana kwa watoto wa Malawi. (Yale mabano ya mraba si pambo. Yanaonyesha kwamba namba hiyo ni ya jeni, si ya mpangilio wa zamani wa kingamwili. Nani alisema maabara hawajali alama za uandishi?)

Mama mmoja wa kitanda cha dirishani aliniuliza, "Daktari, mkishalijua jina lake, mnampa dawa gani?"

Mimi si daktari, ila pale ukivaa koti jeupe umekwisha. Nikamwambia dawa ni ileile: ORS, zinki siku 10 hadi 14, dripu akizidiwa.

"Sasa hicho kikopo ni cha nini?"

"Cha watoto watakaokuja, mama."

Akanitazama kwa muda. Mtoto wake alikuwa na miezi saba, utosi umebonyea, analia bila machozi. Kisha akanipa nepi. Sijui kama ningempa mtu mimi.

Kesho yake asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

Majibu yalitoka baada ya miezi. G1P[8]. Fomu yetu haikuwa na sehemu ya kuandika mzazi apelekewe nini.

Mwanzoni mwa 2013 Tanzania ikaanza kutoa chanjo ya rota, matone ya mdomoni, wiki ya 6 na wiki ya 10. Imetengenezwa kutokana na kirusi cha aina hiyohiyo, G1P[8], ingawa inakinga dhidi ya aina nyingine pia. Tangu hapo swali la maabara limegeuka: aina gani zinapungua, zipi zinachukua nafasi? Huwezi kujibu bila kujua nani alikuwepo kabla ya chanjo. Kwa hiyo vikopo vya zamani havitupwi. Vipo kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, chake kikiwemo: namba, tarehe, jinsia, umri miezi 7. Jina haliandikwi, ndiyo utaratibu.