Ajali Haina Kinga?

Walinena wahenga kwamba ajali haina kinga. Mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka Bomet aliifundisha methali hii miaka mingi bila kuitilia shaka, hadi jioni moja ya mvua alipokuwa akirejea nyumbani kutoka Kericho.

Alikuwa ameketi kando ya dereva katika gari dogo la abiria. Ukungu ulikuwa umeanza kuifunika michai pande zote mbili za barabara. Kabla ya kufika Litein, dereva alipunguza mwendo mbele ya tuta. Lori lililosheheni majani mabichi ya chai halikuwahi kusimama. Likawagonga kwa nyuma. Kishindo hakikuwa kikubwa. Taa zilivunjika na buti likabonyea, lakini hapana aliyetokwa na damu.

"Tumshukuru Mungu, Mwalimu," alisema dereva. Mwalimu akaitikia, akapanda gari jingine, akaenda zake.

Kesho yake hakuweza kugeuka kutoka ubaoni kuwatazama wanafunzi wake. Kichwa kilimwanga na vidole vikamfa ganzi. Hospitalini, picha ya eksrei haikuonyesha mfupa wowote uliovunjika. Wenzake wakaanza kumtazama kwa jicho la shaka: mtu asiye na jeraha analalamikia nini?

Daktari ndiye aliyemfumbulia fumbo hilo. Gari ligongwapo kwa nyuma, kiti hukisukuma kiwiliwili mbele. Kichwa, ambacho uzito wake ni kama kilo 5, husalia nyuma. Shingo hupindika, kisha kichwa hutupwa mbele. Yote hayo hutukia kufumba na kufumbua. Waingereza wameyafananisha na mchapo wa mjeledi. Daktari hakumvisha kola, bali alimwagiza aisogeze shingo polepole kila siku, maana shingo iliyofungwa huchelewa kupona. Kisha akamwuliza, "Kiegemeo cha kichwa kilikuwa wapi?"

Kilikuwapo, ila kilikuwa kimeshushwa hadi usawa wa mabega. Mwalimu alikidhania kuwa mto wa wasafiri wenye usingizi.

Ama kwa hakika, kosa hilo lilianzia katika jina. Wapokot na Waturkana huchonga vigoda vya mbao vya kulazia kichwa, na hivyo kweli ni vya kupumzikia. Cha garini kina kazi nyingine. Marekani ilikilazimisha katika magari madogo mapya tangu mwaka 1969 ili kuziokoa shingo, wala si kwa ajili ya usingizi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Saab na Volvo za Uswidi zilitoa viti vinavyobadili mkao gari linapogongwa ili kichwa kidakwe mapema. Wahandisi wenyewe hupendelea kukiita kizuizi. Mwalimu naye akakibatiza jina lake: kinga-shingo.

Tangu kanuni za Waziri John Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, abiria wa Kenya wamezoea kuambiwa wafunge mkanda. Mwalimu hakukumbuka hata siku moja kusikia utingo akimwambia abiria apandishe kiegemeo. Na kiegemeo hakidai ustadi: ncha yake ya juu ilingane na utosi, au walau isiwe chini ya masikio, nacho kikaribie kisogo, pengo lisizidi upana wa kiganja.

Siku hizi, kabla gari halijang'oa nanga, Mwalimu hukivuta kifaa hicho juu na kukinyoosha kiti. Dereva mmoja kijana alimcheka: "Mwalimu, unataka kulala?"

"La, mwanangu," akajibu. "Nataka kesho niweze kugeuka."

Methali angali anaifundisha. Lakini aiandikapo ubaoni, huitia alama ya kuulizia, kisha huwageukia wanafunzi polepole na kuwaeleza kisa chake: ajali ya jioni ile yeye hakuweza kuizuia, lakini kinga ya shingo yake ilikuwapo, nyuma ya kisogo chake mwenyewe, ikingoja mkono wa kuipandisha.