Taja Kitu kwa Jina Lake

Wapenzi wa lugha, naomba radhi kwa kuwaletea grisi katika ukumbi uliozoea vina na mizani. Jumamosi moja ya hivi karibuni nilishinda chini ya gari, nyumbani kwangu Ilala, pamoja na fundi mmoja na kijana anayejifunza kazi kwake. Tulikuwa tukibadili springi na shokapu ili gari linyanyuke. Nilitoka humo nikiwa nimejifunza jambo la sarufi ambalo miaka yangu ya kufundisha Kiswahili haikunifunza, na nusura mkono wa mtu uwe karo ya somo hilo.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser, toleo la 80, la miaka ya 1990. Watu wa Dar es Salaam huliita shangingi, neno lililomsema mwanamke wa anasa kabla ya kupandishwa juu ya matairi manne na kushikamana na magari ya wakubwa. Langu ni shangingi lililostaafu: spana mkononi mwezi hadi mwezi. Springi zake zilikuwa zimelala kwa uzee. Masika ya mwaka 2024, mafuriko yalipoikumba Rufiji, nilijaribu kumfuata mama Utete nikashindwa. Tumbo la gari lililalia tuta la tope katikati ya njia, matairi yakazunguka bure, nikavutwa kwa kamba na kurudishwa nilikotoka. Mama alitolewa na majirani kwa mtumbwi. Alisalimika, na habari hizo nilizipata kwa simu, nikiwa nimekaa ndani ya gari kubwa lisilonifikisha popote.

Nilipopata fedha nikaamua kulinyanyua inchi mbili. Kutoka Ilala hadi Kariakoo ni mwendo wa miguu, basi nikaenda na orodha mkononi. Kariakoo yenyewe ni somo la lugha. Jina lake ni Carrier Corps, kikosi cha Waingereza cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, lililosagwa na ndimi za wenyeji hadi likawa letu kabisa. Soko Kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970 liliungua Julai 2021, lakini biashara ya mitaa inayolizunguka haikungoja ukarabati. Ukitaka boriti, bati, vitenge au bushi ya gari, utaelekezwa mtaa na mlango.

Orodha yangu ilikuwa ya mtu aliyesoma. Nilikuwa nimechukua kitabu cha maelekezo cha Kiingereza na kukitafsiri usiku kucha kwa Kiswahili nilichokiona safi. Mahali pa shokapu niliandika “kifyonza mshtuko”. Muuza vipuri, kijana mwenye adabu, aliisoma mara mbili, akaniangalia kwa huruma.

“Shikamoo, mzee. Hii si ya famasi?”

Nilipomwonyesha kwa mikono kile kinachopanda na kushuka kando ya springi, akacheka. “Ah, shokapu! Za mbele au za nyuma? Za gesi au za oili?” Mzee aliyekaa kwenye benchi la duka akasema kwamba wao enzi zao walisema shokamzoba. Nikaona neno moja likiwa na umri wa aina mbili, na tafsiri yangu ikiwa haina umri wowote, kwa kuwa ilizaliwa jana yake usiku na haikuwa na mtu wa kuisema.

Nyumbani, kabla ya kugusa nati, fundi alinikalisha chini akanieleza ninachokinunua. “Mwalimu, springi hizi zitainua bodi na chesisi. Difu haitapanda hata nukta, maana difu imo ndani ya ekseli, na ekseli inakalia matairi. Ukitaka difu ipande, tafuta matairi makubwa.” Akaendelea: ukiinua juu, vyote vilivyofungwa kati ya juu na chini vinavutika. Mipira ya breki itafupika isipotazamwa. Ile pembe ya mbele ambayo mafundi huiita kasta itapungua, na usukani utakuwa mwepesi na wenye kutangatanga, mpaka tuweke bushi za kuirekebisha. Iko hata valvu ya breki za nyuma inayopima mzigo kwa umbali kati ya bodi na ekseli. Bodi ikipanda, yenyewe itadhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki, kwa hiyo nayo lazima irekebishwe. Taa pia zitapaswa kuinamishwa zisiwapofushe wanaokuja. Alitamka “usukani” bila kujua, au pengine akijua, kwamba neno hilo liliongoza majahazi kabla ya kuongoza magari. Kulileta barabarani hakukuhitaji kikao wala kamusi. Alitosha mtu mwenye mikono juu yake.

Tulianza nyuma. Nati zilizoshikwa na kutu tulizilowesha mafuta ya taa tangu usiku. Tukaliinua gari, tukasimamisha chesisi juu ya stendi mbili za chuma, tukavua magurudumu, tukaweka jeki ya magurudumu chini ya ekseli ili tuishushe polepole springi zitoke. Uwanja wangu si wa sakafu, ni udongo uliobaki kati ya nyumba na ukuta wa jirani. Stendi ya kushoto ikaanza kuzama. Fundi akapachika jeki ndogo chini ya chesisi upande ule, akaitoa stendi ili tuitafutie ubao wa kukalia. Kwa dakika zile chache, upande wa kushoto wa gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili ulikuwa juu ya jeki moja.

Hapo ndipo tulipokosea sote watatu. Fundi, akiamini kazi ni ya kufumba na kufumbua, aliingiza mkono kuivuta springi ya zamani iliyokuwa imelegea. Haikutoka, kwa kuwa ekseli haijashuka vya kutosha. Mimi niliyesimama na kitabu changu kama mwangalizi wa mtihani nikamwambia kijana:

“Ishushe kidogo.”

Nilikusudia ekseli. Kijana akainama, akashika valvu ya jeki iliyobeba chesisi, akaizungusha. Gari likahema na kuanza kukaa.

“Funga valvu!” Fundi hakusema neno jingine. Kijana akaifunga. Gari lilikuwa limeshuka upana wa vidole viwili hivi. Mkono wa fundi ulitoka ukiwa umechunika kuanzia kiwiko hadi kifundo, lakini ulitoka. Sote tukakaa kwenye udongo. Kwa muda hakuna aliyesema kitu, na nilimsikia jirani ng'ambo ya ukuta akitwanga.

Ndugu msomaji, tazama tena amri yangu. Katika Kiswahili sanifu, gari limo katika ngeli ya LI-YA: gari hili limezima, lishushe. Niliposema “ishushe”, kiambishi -i- kilikuwa kimekwisha kuliondoa gari katika hesabu, ama ndivyo nilivyoona mimi. Lakini kijana yule, kama watu wengi wa jiji hili, husema gari hii, gari yangu, gari imezima. Kwake -i- ililitaja gari kabla ya kutaja kitu kingine chochote. Aliambiwa ashushe gari, naye akatii.

Wazo langu la kwanza, naona haya kuliandika, lilikuwa kwamba sarufi yake mbovu ilitaka kuua mtu. Nilifungua kinywa nimwambie. Kisha nikahesabu. Ekseli ni I-ZI. Jeki ni I-ZI. Springi ni I-ZI. Hata kwa sarufi yangu iliyonyooka, “ishushe” ilikuwa na vitu vitatu vya kuchagua, na jeki zenyewe zilikuwa mbili. Mimi nilijua ninachokisema kwa sababu kilikuwa kichwani mwangu. Nikakidhania kipatanishi kuwa kidole kinachoonyesha.

Fundi alimwosha kijana lawama kabla sijazitamka. “Kosa la kwanza langu. Stendi ilipotoka, mkono wangu haukuwa na ruhusa ya kuwa mle.” Kisha akanigeukia. “La pili lako, Mwalimu. Ukiwa chini ya gari, taja kitu kwa jina lake. Sema ‘shusha ekseli’. Ukisema ‘ishushe’, kila mtu anashusha yake.”

Tulitafuta ubao mpana, tukarudisha stendi, tukalaza magurudumu chini ya chesisi yawe kinga. Kuanzia hapo kijana alipewa sharti la kurudia kila amri kabla ya kuitenda: “Nashusha ekseli.” “Nafunga valvu.” Ilikuwa kama kiitikio. Kazi ikaenda taratibu, na magharibi ilitukuta mbele zimebaki shokapu mbili, tukazimalizia kesho yake.

Usiku ule sikulala mapema. Mezani palikuwa na shairi nililokuwa nikilihangaikia tangu mafuriko, la siku mama alipotolewa. Mstari wake mmoja nilikuwa nikijivunia:

Kile kimeniondoka, na hiki kimenijia.

Mizani kumi na sita, vina vimekaa. Nikajiuliza: kile kipi? Hiki kipi? Nilikuwa najua mwenyewe, nikimwacha msomaji mkono ukiwa ndani. Nikaufuta, nikaandika:

Mtumbwi umeondoka, maji yamenifikia.

Mizani ni ileile, na vina ni vilevile. Nilichoongeza ni majina ya vitu, tena hayakunigharimu hata silabi moja. Sisi watunzi hupenda “hicho”, “ile”, “yote hayo”, kwa kuwa hujaza mizani na huonekana yana kina. Mara nyingi ni stendi iliyotolewa. Sisemi tuviache vipatanishi, maana bila hivyo Kiswahili hakisimami. Nasema kabla ya kuvitumia tuhakikishe kitu chenyewe kimekwisha kuwekwa mbele ya mwenzetu, na kwa jina analolijua yeye. Orodha yangu ya Kiswahili safi nimeitunza, ila nimeandika “shokapu” juu ya “kifyonza mshtuko”.

Jambo la mwisho alilofanya fundi lilikuwa kukaza bolti za mikono ya ekseli. Alizikaza gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake wote, kwani ukizikaza likiwa hewani, alisema, bushi zitajipinda na kuchanika.

Wiki iliyofuata nilikwenda Utete, na njia ile nikaipita. Mama alitoka nje, akalizunguka gari, akapima kwa macho umbali wa kutoka ardhini hadi mlangoni.

“Mwanangu, gari umeliinua. Na mimi nitainuliwa na nani?”

Nikaingia ndani kutafuta kigoda.