Njiwa na Kwao

Apitaye Kaloleni, Jericho au Dandora, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hakosi kuona sanduku la mbao lililopigiliwa ukutani au kuinuliwa juu ya nguzo, lenye vijitundu mbele yake. Hicho ni kizimba cha njiwa manga. Aghalabu hutengenezwa kwa mabaki ya mbao na mabati, na mwenyewe huwa kijana asiye na shamba wala mfugo mwingine. Ng'ombe hudai malisho. Njiwa hudai ukuta tu.

Ufugaji wenyewe hauna makuu. Kila dume na jike hupewa chumba chao. Jike hutaga mayai mawili, nao huatamia kwa zamu, dume mchana na jike usiku, kwa muda wa siku 17 au 18. Makinda wakishaanguliwa, wazazi wote wawili huwalisha uji mzito utokao katika mfuko wa chakula ulio shingoni mwao. Baada ya mwezi mmoja hivi, kinda huanza kujaribu mbawa. Wajibu wa mfugaji ni mtama au mahindi yaliyopondwa, maji safi, kizimba kisicho na uchafu, na jicho la kumchunga mwewe mchana na paka usiku.

Washairi wetu wamezoea kumtuma njiwa apeleke salamu kwa mpenzi. Wafugaji wa Eastlands wanajua kwamba njiwa hatumwi aende. Huchukuliwa mbali, akaachiliwa, naye akarudi kwao. Hata wale waliobeba ujumbe katika Vita Vikuu vya Kwanza vya 1914 hadi 1918 walifuata kanuni hiyo: mjumbe alikuwa akirejea nyumbani, na barua ilidandia safari yake.

Hapo ndipo penye uchungu. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na kama mitaa mingine ya zamani ya halmashauri, imekuwa ikitajwa katika mipango ya kubomoa nyumba za chini ili kupisha maghorofa. Uvumi wa kuhama ulipozidi, mama mmoja alimwambia mwanawe, "Wauze hao ndege, mwanangu, tupate nauli ya lori."

"Mama," kijana akajibu, "nani atanunua ndege ambaye kesho atarudi kwangu?"

Jibu hilo lilikuwa mzaha, lakini pia lilikuwa hesabu. Njiwa mzima akihamishiwa Kayole na kufunguliwa siku ya pili, atarudi Kaloleni, na akikuta kifusi atazunguka juu ya kifusi. Kwa hiyo wafugaji huwatanguliza makinda ambao hawajawahi kuruka, kwani kinda hujifunza kwao pale anapoanzia kuruka. Wakubwa hufungiwa katika kizimba kipya kwa majuma mengi, hadi watage humo. Wapo wanaokubali. Wapo wasiokubali kamwe.

Wazee husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo huichukulia ngama kuwa ipo daima. Wapangao kuijenga upya Eastlands huhesabu vyumba, na ni haki yao kuvihesabu, maana watu wanahitaji makao bora. Lakini kizimba cha njiwa kinafundisha kwamba chumba hakiwi kwao mtu kwa kupewa ufunguo. Huwa kwao pale atakapolea.