Karatasi Ndani ya Kasha la Babu



Mwaka jana mtoto wa kaka yangu aliposwa. Wazee wa upande wa mume wakauliza lile suali letu la visiwani: "Nyinyi watu wa wapi hasa?" Shangazi yangu akawahi kujibu: "Sisi Washirazi, wa hapa hapa."

Wiki ile ile nikafungua kasha la marehemu babu, natafuta kanga ya kisutu ya bibi harusi. Chini kabisa nikakuta kipande cha kaniki kimefungia karatasi ya herufi za Kiarabu. Maalim wangu wa chuoni akanisomea. Ilikuwa hati ya uhuru ya mama yake babu.

Nikenda Kilimani, kwenye Nyaraka. Ukitaka kwenda, shika jina, pahala walipoishi na mwaka hata wa kukisia, maana utapekua daftari mstari kwa mstari. Siku ya tatu nikampata: umri wa kukisia, kabila Mnyasa, shamba, na jina la bwana wake. Jina lake mwenyewe lilikuwa moja tu, bila ya "bint" nani. Mimi niliyezoea kuona "bint" kwenye kila kadi ya harusi, nililia pale pale.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa haukwisha siku ile. Mwaka 1897 amri ya Sultan Hamoud iliwapa watumwa njia ya kudai uhuru mahakamani. Ilibidi mtu aufuate mwenyewe. Na kaniki ndiyo iliyokuwa nguo ya wanawake watumwa. Walipokuwa huru wengi waliiacha wakajifunga kanga. Mimi fundi nguo nilikuwa nimeishika mkononi bila ya kujua.

Nilipomwambia shangazi, alikasirika. "Bibi alijisitiri umri wake wote. Leo wewe unataka kumvua nguo mbele za watu?"

Sikulala. Sitara si neno dogo kwetu. Lakini nikawaza: bibi alikuwa na jiko kila siku, na hati ile hakuichoma. Aliifunga vizuri akamwachia mwanawe.

Sikutangaza. Nilimuonesha bibi harusi, nikamwambia aamue yeye. Akamwambia mchumba wake kabla ya nikaha, baba yake akiwapo. Yule kijana akauliza: "Kaburi lake liko wapi, tukamuombee dua?" Mama yake alinyamaza wiki nzima, kisha akaja dukani kupima gauni lake. Hatukulizungumza.

Suratul Hujurat inatufundisha kuwa mbora mbele ya Allah ni mchamungu zaidi. Tunaisoma, halafu posa ikija tunapekua makabila. Na wazee walisema mwacha asili ni mtumwa. Basi bibi yangu, aliyekwenda kuudai uhuru wake, sitamwacha mimi.

Shangazi amenipa idhini ya kuandika haya, kwa sharti nisitaje jina lake bibi. Nimelitii. Ila kila Alkhamis usiku nalitaja kwenye dua yangu.

Wewe mwenye bibi aliye hai, kaa naye umuulize leo. Taratibu, na kwa heshima.

Allah awarehemu wazee wetu wote. Amin.