Skafu ya Mbwa, Kadi ya Chanjo na Mtoto Wako (Sehemu ya 9)

  Leo naleta jambo ambalo baadhi yenu mtacheka: skafu za kufuma za mbwa na paka, zile wengine wanaziita bandana.

Chekeni kwanza, ila msome mpaka mwisho. Humu ndani kuna uhai wa mtoto.

Hapa Mfaranyaki wanawake wanaofuma ni wengi. Pita jioni mitaani, hasa miezi hii ya Juni na Julai ambapo baridi ya Songea haina mchezo, utamkuta mama kibarazani, mtoto mgongoni, kroshia mkononi. Vitambaa vya makochi, kofia za vichanga, soksi, sweta za wanaoanza chekechea. Mimi mwenyewe nafuma nikiwa sina zamu, ndo mapumziko yangu. Basi dada mmoja jirani akaja na simu yake, kuna picha ya mbwa wa huko Ulaya, kafungwa kitambaa cha pembetatu shingoni, kimefumwa vizuri, rangi mbili. Akaniuliza, "Nesi, hiki si naweza kukifuma nikauza? Uzi unaobaki kwenye kofia za watoto nauweka tu kwenye mfuko."

Nikamwambia unaweza, tena kwa mkono wako ni kazi ya saa moja na kidogo. Kisha nikamuuliza: huyo mbwa wako hapo nyumbani amechanjwa lini?

Akanitazama. "Mbwa naye?"

Ndiyo mama, mbwa naye. Na paka naye. Kichaa cha mbwa hakichagui mbwa wa kizungu wala wa kienyeji, na paka anaweza kukibeba vilevile. Kwa hiyo leo tufundishane vyote viwili: namna ya kufuma skafu hiyo, na kwa nini mimi nataka ifumwe kwa sharti moja. Sharti lenyewe ni hili: skafu haifungwi shingoni mpaka mnyama awe amechanjwa.

Ngoja niwaambie ninachotaka kukizuia.

Miaka ya nyuma, kwenye kituo nilichokuwa nafanya kazi, aliletwa mtoto wa miaka mitano. Ameumwa shavuni na kitoto cha mbwa cha nyumbani kwao. Kilikuwa kidogo tu, wanakipenda, watoto wamekifunga utepe mwekundu shingoni, wanalala nacho. Shangazi yake akasema, "Jamani ni katoto tu ka mbwa, tena ka kwetu, paka majivu yataisha." Yule mama akakataa. Alimpeleka mtoto bombani, akaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, mtoto analia na yeye analia, haachi. Kisha akambeba akaja. Tukaanza sindano siku ileile. Siku ya nne kile kitoto cha mbwa kikafa, povu linamtoka mdomoni. Mtoto alimaliza sindano zake zote, na leo yuko shuleni.

Utepe ulikuwepo. Chanjo haikuwepo. Na wengi wetu huwa tunadhani mbwa mdogo hana ugonjwa huu. Anao. Hata watoto wa mbwa wachanjwe, mtaalamu wa mifugo atakuambia lini arudiwe.

Kwa nini nahangaika hivi? Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu, ile kuogopa maji, kushtuka na upepo, kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Karibu watu 4 kati ya kila 10 wanaoumwa na mnyama anayedhaniwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ndiye anayecheza na mbwa, anayemvuta mkia, anayemkaribia akila. Na kwa kimo chake, meno yanafika usoni na kichwani, karibu na ubongo.

Lakini huo huo ugonjwa unazuilika vizuri mno. Chanja mbwa 7 kati ya kila 10 mtaani, na urudie kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walishaona jambo hilo: walichanja mbwa, ugonjwa ukatoweka mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena, ukaondoka tena.

Sasa mnaona skafu inaingia wapi. Katika kampeni za kuchanja mbwa kule Serengeti, mbwa aliyechanjwa alikuwa anafungwa mkanda shingoni. Siyo urembo. Ni ili watu wakipita kijijini waone kwa macho nani amechanjwa na nani bado, wahesabu. Sisi tunao uzi, tunazo kroshia, na mikono tunayo. Fikiria mtaa wenu una mbwa 10. Ukikaa barazani ukahesabu skafu saba za rangi moja, unajua tumefika. Ukihesabu tatu, unajua nyumba gani za kwenda kubisha hodi.

Kwa hiyo tukubaliane rangi. Mwaka huu njano, kwa mfano, mwakani bluu. Rangi ya mwaka ikiisha, skafu ya zamani inavuliwa. Na naomba sana, usimfungie mbwa asiyechanjwa eti apendeze. Mtoto wa jirani akiona njano ataamini. Ukimdanganya mtoto wa mwenzio kwa uzi, hiyo dhambi siijui utaipeleka wapi.

Haya, tufume.

Tumia uzi wa pamba, siyo wa sufu.  Pima shingo ya mbwa kwa kamba, halafu ipime hiyo kamba kwenye rula. Anzia nchani: vitanzi vinne vya mnyororo, unganisha viwe duara. Kila mstari ongeza kitanzi kimoja kila upande, utaona pembetatu inafunguka yenyewe. Upana ukifika sentimita 20 kwa mbwa wa kawaida wa kwetu, acha. Kisha fuma kamba kila upande, ndefu za kutosha kuzunguka shingo na kubaki na fundo dogo. Fuma vitanzi vya kubana. Vikiwa vikubwa ukucha unaingia, mnyama anajinyonga akijikuna.

Ukifunga, vidole vyako viwili vipite kati ya uzi na shingo. Visipopita, umemkaba. Kitoto cha mbwa kinakua haraka, kwa hiyo kipime upya kila wiki mbili. Usiku, na akiwa peke yake bila mtu, mvue. Mbwa anayezurura kwenye miti na seng'enge akinasa, hakuna wa kumsaidia.

Paka ni hadithi nyingine. Paka anapanda, anapenya, ananasa. Paka usimfunge fundo hata siku moja. Mwekee kifungo kidogo na kitanzi chepesi cha uzi mmoja, ambacho ukikivuta kwa mkono kinaachia hapohapo. Kikiachia ukakuta skafu imedondoka uani, shukuru, imefanya kazi yake. Na nyuzi zilizobaki usiziache sakafuni. Paka akimeza uzi mrefu, utumbo unajikunja kama suruali ya lastiki na unaweza kukatika. Ukiona uzi unatokeza mdomoni au nyuma, usiuvute, mpeleke kwa mtaalamu.

Jambo jingine nimeshasikia watu wakipanga: kulowesha skafu kwenye dawa ya kupe au mafuta ya taa ili kufukuza viroboto. Hapana. Mwanao anamkumbatia huyo mbwa, kisha anakula ugali kwa mkono. Na ziko dawa za kupe ambazo mbwa anazivumilia lakini zinamuua paka. Skafu ifuliwe kwa sabuni kila wiki, ianikwe juani, basi.

Wapo pia majirani zetu ambao kwa imani yao hawamgusi mbwa. Tuwaheshimu. Lakini paka wako wengi majumbani mwao, na watoto wao wanapita njia hizi hizi kwenda madrasa na shule. Hili ni letu sote.

Chanjo utaipata wapi? Muulize bwana mifugo wa kata, au ofisi ya mifugo ya manispaa. Kampeni za bure zikitangazwa, mpeleke mbwa amefungwa kamba, na apelekwe na mtu mzima, asitumwe mtoto peke yake. Cheti chake kiweke mfuko mmoja na kadi ya kliniki ya mtoto wako. Nasema kweli, weka pamoja. Siku ukiangalia tarehe ya chanjo ya mtoto, utaiona na ya mbwa.

Na mwanao umfundishe haya mapema, kabla hajajua kusoma. Mbwa anayekula haguswi. Mbwa anayelala haguswi. Mbwa mwenye watoto haguswi. Skafu haimaanishi "njoo unishike", hata iwe nzuri namna gani. Mbwa asiyemjua akimjia, asikimbie wala asipige kelele: asimame kama mti, mikono chini, asimkazie macho.

Sasa akiumwa, au akikwaruzwa, au mbwa akilamba kidonda chake:

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Angalia saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, mtoto analia na moyo wako unadunda. Endelea. Hata sabuni ya kipande ya kufulia inafaa.

Usipake majivu, pilipili, mafuta ya taa wala majani. Usikifunge kidonda kwa kukibana.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri kuona mbwa atafanyaje. Ugonjwa huu mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, lakini unaweza kuja ndani ya wiki moja. Kidonda kidogo siyo kigezo.

Sindano zina tarehe zake. Ukiambiwa urudi siku ya tatu, ni siku ya tatu. Usikatishe kwa sababu kidonda kimepona.

Mbwa, kama anapatikana bila hatari, afungwe na aangaliwe siku 10, na bwana mifugo apewe taarifa. Na hata kama ana skafu ya njano na cheti kipo, osha, na uje. Cheti njoo nacho, kitatusaidia kuamua.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Iliwekwa siku aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule Mfaransa ambaye mwaka 1885 alimpa chanjo mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa, na mtoto akapona. Kutoka sasa mpaka Septemba ni wiki za kutosha kumaliza mafungu yote ya uzi yaliyojaa kwenye mifuko yenu. Yule dada jirani ameshafuma saba, na mbwa wake amechanjwa Jumanne. Ameshaanza kupokea oda, na kila anayeagiza anaulizwa cheti kwanza. Asiye nacho anaelekezwa kwa bwana mifugo, akirudi anakuta skafu yake iko tayari.

Wenye swali la kufuma au la kidonda, andikeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Ila kama mtoto ameumwa leo, usiniandikie. Anza na sabuni na maji, kisha nenda kituoni.

Sehemu ya 10 tutaongea kuhusu mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Usiku mwema.