Wako Dungu

Nilipoanza kazi katika chumba cha takwimu pale Ikwiriri mwaka 2001, mpango wa kufuatilia kaya za wilaya ya Rufiji, Tanzania, ulikuwa bado mchanga. Ulianza mwishoni mwa 1998 chini ya mradi wa afya wa TEHIP, katika vijiji 31 vya kata sita, Kibiti na Bungu zikiwamo. Kila miezi minne wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia na nani kahama. Sisi wa kompyuta tuliingiza walichoandika. Wao walikaa chini ya mwembe, sisi ndani. Hatukuvuka salamu.

Msimu mmoja wa mpunga nilikuta kwenye fomu kaya nyingi hazina watu. Kanuni ilisema asiyekuwepo zaidi ya miezi minne amehama, nami nikaandika wamehama. Kesho yake mdodosaji mmoja, mzee wa Kindengereko, akapiga hodi.

“Mwanangu, hawa uliowahamisha wamekwenda wapi?”

“Sijui, Mzee. Hawakukutwa.”

“Wako dungu.”

Niliinamisha kichwa. Mimi ni mzaliwa wa Mbuchi, katika delta ya mto Rufiji. Utotoni nimelala dungu, kile kibanda cha juu ya miti, tukiwinga ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku hadi mavuno. Nilijua fika kwamba aliye dungu ana kwake na atarudi. Mbele ya kompyuta nikasahau.

Kosa lile lilikuwa na uzito. Kiwango cha vifo hupatikana kwa kugawanya idadi ya vifo kwa jumla ya miaka ambayo watu wameishi wakifuatiliwa. Ukiwafuta walio hai kwa sababu wako shambani, kigawanyo hupungua, na vifo vilevile huonekana vingi kuliko vilivyo. Na takwimu zile ndizo timu ya afya ya wilaya ilizozitazama ilipogawa fedha za malaria, chanjo na uzazi.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya swala, tulikaa sote chini ya mwembe. Kila mtu alileta lililomtatiza: mtoto mwenye majina mawili, mume aliyehesabiwa kwa wake wawili. Mzee alitufundisha kalenda ya mto, lini maji hupanda na lini watu hushuka mabondeni. Sisi tulimwonyesha safari ya alama yake moja hadi kwenye jedwali.

Baadaye nilihamia chuo kimoja cha utafiti Dar es Salaam. Kila mradi ulikuwa na mtakwimu wake, na kila mtakwimu mlango wake. Vijana wa takwimu waliitwa wiki ya mwisho, takwimu zimeshakusanywa, waambiwe tu watoe majibu. Nikaukumbuka mwembe. Tulianza kukutana wanne, kila Ijumaa, kwa masharti mawili: uje na kazi ambayo hujaimaliza, na aliyekusanya takwimu zake awe na kiti. Mwaka ulipokwisha, chumba kilikuwa hakitutoshi, na vijana walikuwa wakiitwa tangu dodoso linapotungwa.

Leo watakwimu wa Afrika wana mitandao inayovuka mipaka, na vyuo kama Witwatersrand, Johannesburg, vinawanoa vijana wetu. Nafurahi. Nina ombi moja kwako, mwenzangu kijana wa takwimu: kabla hujaandika kwamba mtu amehama, muulize aliyefika mlangoni kwake.