Upande Huu wa Mto Kagera

Sisi wa Karagwe, mkoani Kagera, tuliokuwa na akili ya kuelewa mambo mwaka 1994, tumebaki na kumbukumbu ya wakimbizi zaidi kuliko ya mauaji ya kimbari ya Rwanda yaliyowaleta. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja, na kwetu zikaota kambi za Chabalisa, Kagenyi, Omukariro na Rubwera. Kwa miaka mingi simulizi zilikuwa za miti iliyokatwa kuni, wizi, mahindi ya msaada na vibarua vya mashirika, hadi Desemba 1996 serikali ilipowataka Wanyarwanda warudi kwao. Mauaji yenyewe yalipitiwa juu juu kama ugomvi wa kabila na kabila, na kijana aliyezaliwa baadaye akarithi habari isiyo na mtendaji wala mtendewa.

Mambo yalianza kubadilika taratibu, na naona mahakama ya kimataifa ya Arusha iliyoshughulikia mauaji hayo ilichangia kuliko tunavyoikumbuka. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo upande wa Rwanda, alikamatwa mwaka 2001 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Mwaka 2004 mahakama hiyo ilimhukumu miaka 30, na rufaa ya 2006 ikaifanya kifungo cha maisha. Kosa lake kubwa lilihusu mauaji ya Watutsi waliokimbilia kanisa la Nyarubuye, ng'ambo tu ya mto. Hukumu hiyo inamfundisha kijana jambo ambalo kumbukumbu za kambini haziwezi kumpa: kwamba katika umati tuliougawia maji na ardhi walikuwamo wasio na hatia na walikuwamo wauaji. Ndiyo maana nasema vijana wakutanishwe na manusura, lakini ushahidi wa mahakamani uwe mezani pia. Aliyekimbia mapanga mwezi Aprili na aliyekimbia kushindwa kwa jeshi lake wote waliitwa wakimbizi, na mzee wa kijiji, hata awe mkweli kiasi gani, hakuwa na njia ya kuwatenganisha.

Wapo wanaosema hayo ni ya Rwanda. Lakini Mto Kagera uliobeba maiti hadi Ziwa Victoria ndio mpaka wetu, na familia za Kitutsi zilizokimbia tangu 1959 ziliishi Karagwe muda mrefu kabla ya kambi hizo. Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la woga. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ya serikali ilipofukuza wahamiaji haramu mkoani Kagera, waliondoka hata watu walioishi huku miongo kadhaa. Tangu hapo, kumwambia mtu asimame mbele ya wanafunzi aeleze alivyovuka mto ni sawa na kumwomba atangaze uraia wake hadharani. Hilo halijibiwi kwa hotuba za ujirani mwema. Linahitaji uhakika kwamba ofisa uhamiaji hatakaa kwenye kikao hicho, na kwamba msimulizi ataamua mwenyewe lipi litoke nje. Nisingeanzia mkutano wa hadhara. Ningeanza na darasa moja la sekondari, mwalimu wa historia aliyekwisha kuisoma hukumu ya Nyarubuye, na msimulizi mmoja aliyekubali kwa hiari. Simu zote zibaki ofisini, ili asirekodiwe.